Nafasi ya pili niliiacha wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua ni ndefu ila nakuomba usiikate sana, manake watu wetu wengi huku tunalisoma gazeti hili kwenye simu na mwaka huu wa 2026 tunapiga kura tena ya mbunge.

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Lewiston, jimbo la Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda. Kiswahili hapa mjini si cha kutafuta kwa tochi. Ingia dukani Jumamosi utakisikia cha Bukavu, cha Uvira, cha Bujumbura, utakisikia cha watu waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka mpaka watoto wao wanaongea kama wa Kasulu, na Wasomali nao ambao walianza kuja hapa mwaka 2001, wengi walipitia Kenya kwahiyo nao wanakijua.

Kilichonifanya niandike ni shemeji yangu wa Kasulu. Aliniuliza kwenye simu, "Shem, hivi ninyi huko mbunge mnamchaguaje, si ni wa Trump na asiye wa Trump basi?" Mimi nikiwa nimechoka nikamjibu ndiyo, ni hivyo hivyo. Halafu usiku kazini nikakosa amani kabisa, manake nimemdanganya mtu mzima. Mwaka 2018 ndio nilipiga kura yangu ya kwanza nikiwa raia, wagombea walikuwa wanne, sio wawili, na mpaka leo ile kura inaniuma.

Niwaeleze kwanza ilivyo. Maine ina viti viwili kwenye Baraza la Wawakilishi huko Washington. Kiti cha kwanza ni upande wa Portland kwenye pwani ya kusini, cha pili ndio sisi, na hiki cha pili kinachukua karibu jimbo zima lililobaki, misitu, wavuvi wa kamba, mashamba ya viazi ya Aroostook, miji iliyokuwa na viwanda vya karatasi vikafungwa kimoja kimoja. Huku kwetu Trump alishinda 2016, 2020 na 2024, ila mbunge watu walikuwa wanamchagua kivyake, na ndio maana nasema jibu nililompa shemeji halikuwa sawa.

Mwaka 2018 aliyekuwa amekalia kiti ni Bruce Poliquin, Mrepublikan, mzaliwa wa Waterville, amesoma Harvard, kazi yake kabla ya siasa ilikuwa kusimamia fedha za uwekezaji, akawa mweka hazina wa jimbo, akaingia bungeni kwa uchaguzi wa 2014 na akarudi tena 2016. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Jared Golden, Mdemokrat, kijana wa miaka 36 wakati ule, kazaliwa hapa hapa Lewiston, alikatisha chuo akajiunga na jeshi la Marine, akaenda Afghanistan na Iraq, aliporudi akasoma chuo cha Bates hapa mjini, akafanya kazi kwenye ofisi ya seneta Susan Collins ambaye ni Mrepublikan, halafu akaingia bunge la jimbo. Wa tatu Tiffany Bond, mwanasheria. Wa nne William Hoar, mwalimu. Hawa wawili walikuwa wagombea binafsi, kitu ambacho sisi Tanzania hatuna mpaka leo japokuwa Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishaamua 2013 kwamba kumzuia mtu asiye na chama asigombee ni kuvunja haki yake, na mimi kuona majina yao kwenye karatasi ya kura nilifurahi kama mtoto.

Sasa matangazo. Jamani matangazo! Asubuhi mpaka usiku, kwenye TV ya sebuleni pale kazini wazee wanaangalia mchezo wa mpira linakatiza tangazo, Golden anaonyeshwa mikono yenye tatuu, anaitwa msoshalisti mkali, ukigeuka linakuja lingine Poliquin ni mtu wa matajiri wa Wall Street. Miezi hiyo ilivyokwisha nilikuwa najua tatuu za mmoja na pesa za mwingine, kitu cha maana hamna. Na hapo ndipo nilipokosea, nililinganisha watu kwa walivyo, sura, umri, katoka wapi. Kijijini kwetu pia ndivyo tunavyofanya, huyu mtoto wa fulani, huyu mkarimu msibani. Mbunge kazi yake ni kupiga kura ndani ya lile jengo. Ukitaka kumlinganisha na mwenzake lazima uanzie hapo.

Poliquin alikuwa na kura zake na zilikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzitazama. Tarehe 4 Mei 2017 alipiga ndiyo kwenye muswada wa kufuta sehemu kubwa ya sheria ya afya ya Obama, ukapita kwenye Baraza kwa 217 dhidi ya 213, yaani kura chache sana, kila mmoja wao alikuwa na uzito. Muswada ule ungekata fedha za Medicaid, ule mpango wa serikali unaolipia matibabu ya watu wa kipato cha chini, na pia uliruhusu kampuni za bima zimtoze mtu wa umri mkubwa mpaka mara tano ya kijana wakati sheria iliyokuwepo ilikuwa mara tatu. Na Maine ndilo jimbo lenye watu wazima kuliko yote Marekani. Wapimaji wa bajeti wa bunge lenyewe walikadiria kwamba watu milioni 23 zaidi wangekosa bima ifikapo 2026. Ulikufa kwenye Seneti, na Collins wetu alikuwa mmoja wa Warepublikan watatu walioukataa mwezi wa saba mwaka ule.

Ndugu zangu, mimi nalala na kuamka na Medicaid. Humu kwenye nyumba za wazee zaidi ya nusu ya watu wanalipiwa na huo mpango, mzee alikuwa na nyumba, akauza, akiba ikaisha, hapo ndipo Medicaid inaingia. Nikimgeuza bibi mmoja saa nane usiku, mshahara wangu na kitanda chake vinatoka humo humo. Halafu mimi huyo huyo wakati wa kampeni sikuwa najua kwamba mbunge wangu amepiga kura juu ya kile kitanda! Nilikuja kujua baadaye, nimekaa na mwenzangu Mkongo chumba cha mapumziko, yeye ndiye aliyekuwa amefuatilia.

Ila haki lazima nimpe Poliquin pia. Yule mzee alipigania wafanyakazi wa viatu. New Balance wana viwanda Skowhegan, Norridgewock na Norway, (Norway hii ni mji wa hapa Maine), na yeye na wenzake walisukuma mpaka ikaingia kwenye sheria ya ulinzi mwishoni mwa 2016 kwamba askari wapya wavae raba zilizotengenezwa Marekani. Mtu anayeshona viatu Skowhegan akisema Poliquin ni mtu wake ana sababu, tena sababu nzuri kuliko ya yule anayempenda au kumchukia kwa sababu ya chama.

Golden yeye alikuwa na kura za bunge la jimbo tu, ilibidi umpime kwa ahadi. Moja aliitamka wazi, kwamba akishinda hatampigia Nancy Pelosi kuwa spika, Mdemokrat anasema hivyo mbele ya chama chake. Watu wengi walidhani ni maneno ya kampeni. Januari 2019 akaingia, akampigia Cheri Bustos, Mdemokrat mwenzake ambaye hata hakuwa mgombea.

Haya, sasa kura yangu. Maine mwaka ule ilikuwa inatumia mtindo wa kupanga wagombea kwa namba, wananchi waliupitisha wenyewe 2016, na huo wa 2018 ndio ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa Kongresi, yaani bunge la Washington, nchini Marekani kuamuliwa kwa mtindo huo. Unaweka wa kwanza wako, wa pili, wa tatu, wa nne. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa chini wanatolewa na kura zao zinakwenda kwa waliofuata kwenye karatasi zile zile. Mimi nawaeleza watu hivi: unamtuma mtoto sokoni unamwambia niletee mgebuka, kama hamna leta dagaa, kama hamna basi maharage. Usipomwambia la pili, mgebuka ukikosekana anarudi na kapu tupu.

Nilimpenda Bond. Alikuwa hataki michango ya kampeni, anawaambia watu hizo hela nendeni mkanunue kwenye maduka madogo ya hapa kwenu, na mimi mtoto wa mama muuza dagaa lile jambo liliniingia. Nikampa namba moja. Moyoni wa pili wangu alikuwa Golden, nilikuwa na kalamu mkononi kabisa, nikaogopa. Nilidhani nikiweka wa pili nitampunguzia nguvu wa kwanza, yaani kama vile unagawa kura nusu kwa nusu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba sivyo, wa pili wako haguswi kabisa mpaka wa kwanza wako awe ameshatolewa. Nikaacha wazi, nikatumbukiza, nikatoka na kile kistika chao kifuani nikapiga picha nikamtumia mama.

Matokeo ya duru ya kwanza yakaja hivi: Poliquin 134,184, Golden 132,013, Bond 16,552, Hoar 6,875. Hakuna aliyefika nusu. Karatasi zikabebwa mpaka Augusta makao makuu ya jimbo, zikahesabiwa upya kwa kompyuta, na tarehe 15 Novemba waziri wa jimbo aliyesimamia uchaguzi, Matt Dunlap, akatangaza Golden ameshinda, na hesabu ya mwisho ikawa Golden 142,440, Poliquin 138,931. Tofauti 3,509.

Mimi hesabu naipenda, nikakaa nazo. Bond na Hoar kwa pamoja walikuwa na kura 23,427. Humo Golden akapata 10,427, Poliquin akapata 4,747. Zinabaki 8,253 ambazo hazikwenda popote kwa sababu mwenye kura hakuweka mtu mwingine kati ya wale wawili. Kura 8,253 na tofauti ya ushindi ni 3,509! Yangu ilikuwa humo ndani. Wapo waliofanya hivyo kwa kukusudia, kwamba simtaki yeyote kati ya hawa, na hiyo ni haki yao naiheshimu. Mimi sikukusudia. Nilikuwa na wa pili nikamuacha nje kwa woga, na laiti uchaguzi ungekwenda upande mwingine kwa kura chache ningejilaumu mpaka kaburini.

Poliquin alikwenda mahakamani kupinga mtindo wenyewe, akaomba pia kura zihesabiwe upya, jaji wa mahakama ya shirikisho Lance Walker akamkatalia mwezi wa kumi na mbili, Poliquin akaacha kule kuhesabu upya katikati, mkesha wa Krismasi akakubali kushindwa. Na gavana aliyekuwa anamaliza muda, Paul LePage, alipotia saini hati ya ushindi wa Golden aliandika pembeni kwamba ni uchaguzi ulioibwa. Jina hilo naomba mlikumbuke kidogo.

Tangu hapo nimekuwa na daftari. Naandika tarehe, muswada, mbunge wangu kasema nini. Na Golden amenifundisha kwamba daftari linajua zaidi ya chama. 2019 kesi ya kumshtaki Trump ilikuwa na mashtaka mawili, akakubali moja akakataa moja, Mdemokrat pekee aliyegawa hivyo. Machi 2021 fedha za Biden za Covid zilipopigiwa kura ya mwisho yeye ndiye Mdemokrat pekee wa Baraza aliyesema hapana, nikakasirika sana, kazini tulikuwa tumezika wazee wengi mno. Agosti 2022 akasema ndiyo kwenye ile sheria iliyoweka kikomo cha bei ya insulini kwa wazee wenye Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, nikafurahi. Na mwezi uliotangulia alikuwa amepiga hapana kwenye kuzuia bunduki za kivita.

Hiyo ya bunduki siwezi kuipita haraka. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu aliingia hapa hapa Lewiston kwenye ukumbi wa bowling halafu baa, akaua watu 18. Nilikuwa zamu. Tukafunga milango tukazima taa tukawa tunawaambia wazee ni hitilafu ya umeme, siku mbili mji mzima umejifungia mpaka maiti ya muuaji ilipopatikana. Kesho yake baada ya mauaji Golden alisimama mbele ya kamera akasema alikosea kupinga marufuku ile, akaomba watu wa Lewiston wamsamehe. Wapo majirani zangu waliomsamehe, wapo wawindaji waliomuona msaliti, na 2024 alipopambana na Austin Theriault, kijana aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari kutoka Fort Kent kule mpakani na Canada, alipona kwa kura elfu mbili na mia kadhaa tu. Mimi nilimuandika kwenye daftari kurasa mbili, ya hapana yake ya 2022 na ya msamaha wake, zote zipo, sikufuta hata moja.

Sasa mwaka huu. Golden alitangaza Novemba 2025 kwamba hagombei tena. Kwahiyo kiti kiko wazi, na aliyejitokeza kwa Warepublikan ni huyo huyo LePage niliyesema mlikumbuke jina. Upande wa Wademokrat alijitokeza Matt Dunlap, ndio, yule yule aliyetangaza matokeo ya 2018, na wengine, mchujo wa ndani ya vyama ulipangwa mwezi wa sita 2026. Yaani aliyetangaza na aliyeandika "umeibwa" wote walijitokeza kukitaka kiti kile kile.

LePage watu wetu wanamjua kwa maneno makali juu ya wageni, na waliokuja kuomba hifadhi miaka ile wanakumbuka serikali yake ilivyotaka kuwakatia msaada wa kodi ya nyumba na chakula. Ila nisiwe kama yale matangazo. Kazaliwa Lewiston mwaka 1948, nyumbani walikuwa wanaongea Kifaransa, akakimbia kipigo cha baba akiwa na miaka 11 akalala mitaa hii hii tunayopita sisi, huyo ni mtu aliyepitia shida za kweli. Akiwa gavana alilipa deni kubwa ambalo serikali ya jimbo ilikuwa inadaiwa na hospitali. Na daftari linasema pia alitumia kura yake ya turufu mara tano kuzuia Medicaid isipanuliwe, wananchi wakapiga kura wenyewe 2017 wakaipitisha kwa karibu asilimia 59, bado akagoma kuitekeleza, mpaka alipoondoka Januari 2019 gavana Janet Mills akaianza. Kwangu mimi mtu wa nyumba ya wazee hilo la mara tano lina uzito kuliko hadithi ya utoto, na mwingine wa kazi nyingine apime kwa mizani yake, ila apime kwa kitu kilichofanyika.

Jumapili baada ya ibada watu wanakuja jikoni kwangu, tunakunywa chai, naweka mezani karatasi ya kura ya mfano. Mama mmoja wa Uvira ameapishwa uraia juzi, akaniuliza swali lile lile langu, nikiweka wa pili si namharibia wa kwanza? Nikamwambia hapana mama, na nikamuonyesha zile namba za 2018, nikamwambia na mimi ni mmoja wa hao 8,253. Akanyamaza, akachukua kalamu akajaza vyote mpaka wa mwisho.

Shemeji nimempigia tena. Nimemsomea wagombea wote wanne wa 2018 na kura zao na nini kilitokea, alisikiliza mpaka salio likawa linakaribia kuisha, halafu akaniuliza, "Na wetu sisi, mbunge wetu, amepiga kura gani huko Dodoma?" Nikakosa la kumwambia. Miswada yetu mingi inapita kwa wanaoafiki waseme ndiyo, sauti moja kubwa, jina huoni. Lakini bajeti ya serikali kila mwezi wa sita wabunge wanaitwa kwa majina mmoja mmoja, huyu ndiyo, huyu hapana, huyu hayupo. Mhariri, ombi langu ni hilo. Bajeti ikishapigiwa kura mtuchapie ile orodha yote, jina, jimbo na alichosema, hata kama itakula kurasa mbili. Shemeji amesema atalinunua gazeti la siku hiyo na kuliweka ukutani dukani kwake.

Wako msomaji,
Mtu wa Kigoma, Lewiston, Maine